Mlango wa Kanisa Si Kazi ya Ovyo

Kuna Wakristu wanaosema kwamba kusimama mlangoni mwa kanisa ni kazi ya mtu yeyote. Sisi twakataa.

Mwaka 251 Papa Kornelio aliwahesabu wahudumu wa Kanisa la Roma: mapadri 46, mashemasi 7, na wengine, tena wafukuza pepo, wasomaji na wangoja mlango, pamoja 52. Basi mngoja mlango alikuwa mtu wa daraja, si kibarua. Hata Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya Kibelgiji, kabla ya kupata upadri mwaka 1917, alipaswa kupitia daraja hiyo. Papa Paulo wa Sita aliiondoa mwaka 1972. Daraja imekwisha, lakini mlango ungalipo!

Nasi watu wa Mpala twajua maana ya mlango. Boma lililojengwa na Storms mwaka 1883 walikabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Waliowakimbia wateka watumwa walifunguliwa. Wateka watu walifungiwa.

Na leo je? Mwenye viatu ving'aavyo huongozwa mpaka benchi la mbele. Mjane mwenye kitenge kilichochakaa huachwa asimame ukutani. Mtume Yakobo alikwisha kulikemea jambo hili.

Kwa hiyo twasema wazi: mngoja mlango achaguliwe kwa uangalifu kama msomaji, naye afundishwe. Asiyeweza kumpokea maskini kwa heshima, asipewe ufunguo.