Mtoto Hakuomba Pasipoti Mbili

Wanachuo wenzangu, kila hoja ya uraia pacha inapoibuka hapa chuoni, tunaizungumza kana kwamba ni habari ya watu wa mbali: wale walioondoka, wakapata kazi ughaibuni, wakala kiapo cha nchi nyingine, na sasa wanataka kurudi kununua viwanja. Watu wazima hao. Waliamua wenyewe. Leo naomba tuwaweke pembeni kidogo tumzungumzie mtoto, yule ambaye hakuamua chochote. Alizaliwa tu.

Na mtoto huyo hayuko mbali kama tunavyodhani. Hebu wahesabu wahadhiri wetu waliokwenda nje kusoma shahada ya uzamivu, wakakaa miaka minne au mitano, wakarudi na mtoto mgongoni. Marekani, kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba yao ya tangu 1868, imekuwa ikimhesabu karibu kila anayezaliwa kwenye ardhi yake kuwa raia, mzazi awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mpita njia. (Januari 2025 Rais Trump alitoa amri ya kubana haki hiyo kwa watoto wa wazazi waliopo kwa viza za muda, nayo ikapelekwa mahakamani mara moja, lakini haikuwalenga waliokwisha kuzaliwa.) Papo hapo, Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inasema anayezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania ni Mtanzania kwa kurithi, maadamu mzazi huyo naye hakuwa raia wa kurithi tu. Basi mtoto analala wodini ana siku moja duniani, na tayari ana nchi mbili.

Kwetu yupo mmoja. Mdogo wangu alizaliwa Ohio mwaka 2008, mzee akiwa masomoni. Alirudi Dar akiwa na miaka miwili, akalelewa Kimara, akasoma shule za huku huku, Kiingereza chake ni cha darasani kama changu. Mwaka huu anatimiza miaka 18. Juzi aliniuliza, "Dada, hivi nikiamka siku hiyo nitakuwa raia wa wapi?" Nimejaribu kumjibu, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na safari, maana hapo ndipo familia nyingi zinakutana na jambo hili kwa mara ya kwanza. Watu wakisikia pasipoti mbili wanafikiri ni ujanja: unachagua ya kutamba nayo kutegemea foleni ipi ni fupi. Si hivyo. Sheria ya Marekani inamtaka raia wake aingie na atoke nchini mwao kwa pasipoti ya Marekani, hata kama ni mtoto mchanga na hata kama ana uraia mwingine. Kwa hiyo mzazi hawezi kwenda ubalozini kumwombea mtoto huyo viza kwenye pasipoti ya Tanzania. Raia hapewi viza ya kwenda kwao. Uingereza nayo imekaza: tangu Februari 2026 raia wake mwenye uraia wa nchi nyingine anatakiwa aonyeshe pasipoti ya Uingereza, au hati inayothibitisha haki yake ya kuishi kule, kabla ya kupanda ndege.

Sasa geuza upande wa pili. Mtoto huyo huyo akija Dar na pasipoti ya Marekani peke yake, pale dirisha la uhamiaji ni mgeni kama watalii wa Serengeti. Atalipiwa viza ya dola 100, atagongewa muhuri wa siku zake, na siku zikiisha anahesabiwa amezidisha muda, huku analala chumbani kwa bibi yake. Nawajua watoto mtaani kwetu walioishi hivyo, wageni kwenye nchi ya mama zao, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wazazi kwamba pasipoti ya Tanzania ni haki ya mtoto na si hisani. Mtu mwenye nchi mbili anahitaji karatasi mbili ili kila mlango ufunguke kwa ufunguo wake. Huo si ujanja, ndivyo milango yenyewe ilivyotengenezwa.

Na karatasi hizo zina kazi yake. Pasipoti ya Marekani ya mtoto wa chini ya miaka 16 inadumu miaka mitano tu, na kwa kawaida baba na mama wote wawili wanatakiwa waridhie itolewe. Mmoja akiwa safarini, au wakiwa wametengana na hawasemezani, shughuli inaanza. Halafu kuna majina. Cheti cha kuzaliwa cha kule kinaandika jina la kwanza na la ukoo. Huku tunaandika la mtoto, la baba na la babu. Pasipoti mbili za mtoto mmoja zinasoma kama za watoto wawili, na mama anazunguka kwa mawakili kutafuta kiapo cha majina. Afrika Kusini kuanzia Juni 2015 ilitaka mtoto yeyote anayeingia au kutoka awe na cheti kamili cha kuzaliwa kinachowataja wazazi wote, na kibali cha yule asiyesafiri naye. Lengo lilikuwa kuzuia usafirishaji haramu wa watoto. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini somo linabaki: mzazi mwenye busara habebi pasipoti peke yake, anabeba na cheti na barua.

Yote hayo yanavumilika. Familia zinahangaika, zinajifunza, zinasafiri. Tatizo linakuja na sherehe ya kuzaliwa ya kumi na nane.

Sheria yetu inamvumilia mtoto mwenye uraia mbili mpaka afikie utu uzima. Akishatimiza miaka 18, anatakiwa aukane uraia ule mwingine na ale kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano. Muda uliowekwa ukipita hajafanya hivyo, uraia wake wa Tanzania unakoma. Unakoma kwa nguvu ya sheria yenyewe: haihitajiki kesi, wala kosa, wala yeye kusema neno. Tazameni mpangilio huo. Alipokuwa hajui hata kuandika jina lake tulimwacha awe na nchi mbili. Siku anapoanza kuelewa nchi ni nini, tunamwambia akate moja.

Nani yuko tayari kwa uamuzi huo akiwa kidato cha sita? Dogo sasa hivi anawaza mtihani wa taifa. Tuchukulie anachagua Tanzania. Marekani inamtaka afike mwenyewe mbele ya afisa wa ubalozi, aape, na athibitishe kwamba anaelewa anachokifanya. Mzazi haruhusiwi kumkania mtoto uraia. Ada nayo kwa miaka mingi haikuwa ya kitoto: mwaka 2014 waliipandisha kutoka dola 450 hadi dola 2,350. Pigeni hesabu hiyo kwa shilingi, mlinganishe na bumu lenu. Na akishaukana, kurudi nyuma hakuna. Atasimama kwenye foleni ya viza kama mimi.

Tuchukulie hachagui, anaacha tu, kwa kuwa hakujua au kwa kuwa hela haikupatikana. Mimi nasoma kwa mkopo wa Bodi. Mkopo huo ni wa Watanzania. Asipokuwa raia, hana mkopo, na nyumbani kwetu bila mkopo hakuna chuo. Hana kura. Ardhi ya mzee, ile robo eka kule Tanga, hawezi kuimiliki, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kukaa na mama yake mzazi kutataka kibali. Kijana aliyeimba wimbo wa taifa kila asubuhi, tangu shule ya msingi, akiwa kapiga mstari uwanjani!

Najua majibu yatakayokuja, na baadhi yana uzito.

La kwanza ni uaminifu: mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Sawa, tulichukue kwa uzito wake. Lakini majirani zetu wameshalijibu bila kuwafukuza watoto wao. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 78, inamzuia afisa wa dola na askari wa majeshi ya ulinzi kuwa na uraia pacha. Maana yake: ukitaka uwaziri au bunduki, hapo ndipo utachagua. Ukitaka kuwa mwalimu, nesi au muuza duka, baki ulivyozaliwa. Swali la uaminifu linaulizwa pale linapohusika, haliulizwi kwa kijana anayeomba kujiunga na shahada ya ualimu.

La pili ni kwamba hili ni jambo la watoto wa matajiri. Hapana jamani. Tajiri halimsumbui: ana mwanasheria, ana hela ya ada, na mwanawe akikosa chuo hapa anakwenda Toronto. Linamuumiza mtoto wa mhadhiri mstaafu, wa nesi aliyefanya kazi nje miaka mitatu, wa mama aliyeolewa ng'ambo ndoa ikavunjika akarudi na watoto. Wale ambao njia yao pekee ya juu ni hii hii yetu: kidato cha sita, Bodi ya Mikopo, chuo.

La tatu ni hadhi maalumu. Serikali na Bunge wameshaanza kuwafungulia mlango watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, wapate wepesi wa kuingia, kukaa na kuwekeza. Naipongeza hatua hiyo. Ila ilibuniwa kwa ajili ya aliyeondoka. Mdogo wangu hajaondoka. Kumpa kadi ya mwenye asili ya hapa mtu anayeishi hapa ni sawa na kumkaribisha mtoto wako sebuleni kama mgeni wa heshima. Chai atapewa, lakini chumba chake kimeshachukuliwa.

Wala sisemi pasipoti ya pili ni pepo. Ina mzigo wake. Marekani inamtaka raia wake atoe taarifa za kodi hata akiwa anaishi Kimara. Na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 kuhusu uraia unasema nchi moja haiwezi kumkingia kifua raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Ukipata matatizo kwenye nchi yako moja, ile nyingine itakutazama kwa mbali. Mtu mzima anaweza kuipima mizigo hiyo, akaamua kuutua mmoja. Ninachopinga ni kumlazimisha apime kwa haraka, kwa hela asiyonayo, kwenye umri ambao bado anaomba nauli.

Kwa hiyo rai yangu ni ndogo kuliko ile ya diaspora. Sisemi milango yote ifunguliwe leo. Nasema sheria imtofautishe aliyeuomba uraia wa pili na aliyezaliwa nao. Wa kwanza, mjadala uendelee. Wa pili aachwe na vyote viwili, na achague siku atakapotaka cheo kinachodai utii usiogawanyika. Hili halihitaji kusubiri Katiba mpya: masharti ya kupata na kupoteza uraia yamo kwenye sheria ya Bunge, na Bunge linaweza kuirekebisha. Kama hilo ni gumu kwa sasa, basi angalau muda usogezwe hadi miaka 25, kijana awe amemaliza chuo na anajua anaishi wapi. Na kama hilo nalo ni gumu, basi apewe taarifa. Mtu anayeombewa pasipoti ya Tanzania akiwa mtoto, jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa vinajulikana. Ujumbe mmoja wa simu miezi sita kabla ya kutimiza 18 hauwezi kuishinda serikali inayotukumbusha kulipa kila kitu kwa namba ya malipo.

Sisi wenyewe tuna letu la kufanya, tusiishie kulalamika. Serikali ya wanafunzi ina wizara. Wenzetu wanaosoma sheria wana msaada wa kisheria wanaoutoa kwa wananchi. Waanze hapa ndani. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza pawekwe meza moja yenye bango la maneno machache: "Ulizaliwa nje? Mzazi wako mmoja ni raia wa nchi nyingine? Njoo tuongee kabla muda haujapita." Naamini watakuja wengi kuliko tunavyodhani, na wengine watakuja wakiwa wamechelewa. Hao wa kuchelewa ndio watakaotupa hoja ya kupeleka Dodoma.