Metheny na gitaa linalobeba bendi nzima

Mwanamuziki akikaribia miaka 70, mashabiki humtaka apige zilipendwa tu. Pat Metheny, mpiga gitaa Mmarekani wa Missouri mwenye tuzo 20 za Grammy, angeweza kuzunguka dunia na “Last Train Home” ya 1987 na ukumbi ukajaa. Badala yake, Julai 2024, wiki chache kabla ya kutimiza umri huo, alitoa albamu ya MoonDial: vipande 13 visivyo na ngoma, kinanda wala mwimbaji.

Anayeisikiliza kwa sikio moja ataiita muziki wa kubembelezea usingizi. Atakuwa ameionea.

Gitaa alilolitumia ni la baritoni, zito kwa sauti kuliko la kawaida. Limeundwa na Linda Manzer, fundi wa Kanada ambaye zaidi ya miaka 40 iliyopita alimtengenezea gitaa liitwalo Pikasso, lenye nyuzi 42. Safari hii Metheny alitaka nyuzi za nailoni, na hapo ndipo penye kazi: nailoni ikishushwa hadi sauti hizo nzito hulegea ikapoteza uhai. Nyuzi zinazohimili hali hiyo alizipata kwa watengenezaji wa Argentina. Juu yake akaweka mbinu aliyoipata kwa jirani yao alipokuwa mtoto: nyuzi mbili za katikati hupandishwa oktavu moja. Matokeo yake, mtu mmoja anashika besi, rithimu na solo kwa wakati mmoja.

Kwenye albamu hii isikilize “Here, There and Everywhere” ya Beatles. Wimbo unajulikana, mpigaji yuko peke yake, na kosa lolote halina pa kujificha.

Wala utulivu huu si kuchoka kwa mzee. Mwaka 1976, kwenye albamu ya Bright Size Life, alikuwa kijana akienda sambamba na besi ya Jaco Pastorius na ngoma za Bob Moses. Miaka kumi baadaye akaingia kwenye vurumai ya Song X pamoja na mpiga saksafoni Ornette Coleman. Mwaka 2010 akaja na Orchestrion, ala zinazopigwa na mitambo aliyoiongoza mwenyewe. Kila mara alijitafutia shida mpya, na MoonDial ni shida ya namna hiyo hiyo, ila haina kelele.

Dosari ipo. Vipande 13 vya mwendo mmoja ni vingi, na kufikia “Angel Eyes” msikilizaji anatamani mpigaji aamke kidogo. Vipande tisa vingetosha.

Hata hivyo, anayetaka kuipima kwa haki aanze na One Quiet Night ya 2003, aliyoirekodi nyumbani kwa baritoni ya nyuzi za chuma. Aisikilize jioni moja, kisha aiweke MoonDial. Tofauti ya chuma na nailoni ataisikia kabla kipande cha kwanza hakijaisha.