Anayetafuta Asipotezwe Mlangoni



Mama mmoja wa mtaani kwetu alitaka kumwandikisha bintiye katika shule moja ya upili. Akaambiwa kwamba kila kitu kimo katika tovuti ya shule. Usiku, baada ya Isha, watoto wadogo walipokwisha kulala, akaifungua kwa simu yake. Akakuta picha kubwa ya mwenyekiti, na pembeni mistari mitatu midogo ambayo hakujua kuwa ndiyo mlango. Mwanawe alipomwonyesha aibonyeze, yakatokea maneno: Dira na Dhima, Idara, Rasilimali, Nyaraka, Matukio. Yeye alikuja na maneno mawili tu, karo na fomu, na hakuliona hata moja. Fomu ilikuwepo, ndani ya Nyaraka, ndani ya Idara ya Taaluma, katika ukurasa wa tatu. Aliipata siku ya Jumatatu, na uandikishaji ulikuwa umefungwa Ijumaa. Binti yule angali nyumbani akingoja nafasi nyingine.

Mama huyu anasoma, tena vizuri. Kosa si lake. Tovuti ile ilipangwa kama ofisi ilivyopangwa: kila idara ikapewa chumba chake na jina lake, naye mgeni akaachwa akisie nani anaweka nini wapi. Anayetafuta karo haijui idara. Anaijua haja yake. (Hatuna ugomvi na picha ya mwenyekiti, ila usiku ule hakuna aliyekuwa akimtafuta.)

Na ile mistari mitatu ina historia. Aliichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981. Simu zilipoenea ikarudi kwa nguvu, kwa kuwa kioo ni kidogo na mambo ni mengi. Lakini alama isiyo na neno humfaa aliyekwisha kuizoea. Kuandika “Menyu” chini yake hakugharimu kitu, na mambo mawili matatu yanayotafutwa na wengi hayastahili kufichwa nyuma yake hata kidogo.

Mwandishi Mmarekani Steve Krug, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu utengenezaji wa tovuti, ametoa jaribio moja zuri. Mtu adhanie kwamba amefungwa macho, akatiwa katika buti la gari, akazungushwa, kisha akatupwa katika ukurasa wowote wa ndani. Akifunguliwa macho, je, ataweza kusema mara moja hii ni tovuti ya nani, huu ni ukurasa gani, na aelekee wapi kutoka hapo? Sisi tulipolisikia tulikumbuka msahafu. Una sura 114 na juzuu 30, na kila juzuu ina hizbu mbili. Katika chapa tulizozizoea, popote utakapoufungua unakuta juu ya ukurasa jina la sura upande mmoja na juzuu upande wa pili. Mtoto wa chuoni hapotei humo, wala halazimiki kurudi mwanzo ili ajue alipo.

Baada ya mkasa ule shule ilikubali kusikiliza, nasi tukaketi na kijana aliyeitengeneza tovuti. Hatukugusa kompyuta siku hiyo. Tuliandika kila jambo lililomo ndani yake katika kipande chake cha karatasi, tukavitandaza mkekani, tukawaomba akina mama wavipange mafungu kama waonavyo wao, kisha kila fungu walipe jina. Watengenezaji wa tovuti wanaijua sana njia hii. Fungu la kwanza likaitwa “Kujiunga na shule”. La pili, “Karo na malipo”. La tatu, “Mtoto akiwa shuleni”. Palizuka ubishi kuhusu sare: kijana aliiweka katika kanuni za shule, akina mama wote wakaihamishia kwenye malipo, kwa kuwa kwao sare ni pesa kwanza. Dira na Dhima haikuchukuliwa na mtu. Ikabaki mkekani peke yake mpaka tukaikunja pamoja na mkeka, na sasa imo chini kabisa ya ukurasa.

Tulipojaribu tena, tulimpa simu bibi mmoja tukamwomba atafute karo ya muhula. Tulikaa kimya, jambo lililotushinda mara mbili. Aliipata upesi, ila kurudi kulimpa taabu, kwa sababu neno “Mwanzo” lilikuwa katika kurasa nyingine na nyingine halimo. Likatiwa katika zote, mahali pale pale. Viungo navyo vikatenganishwa, maana vilisongamana mno hata kidole kimoja kikawa kinabonyeza viwili. Tarehe ya kufunga uandikishaji sasa iko ukurasa wa kwanza, imeandikwa kwa Hijria na kwa Miladia, na kiungo cha fomu kiko chini yake.

Limebaki moja. Fomu yenyewe ukiifungua ni ya Kiingereza kitupu, kurasa nne. Wiki ijayo, inshaallah, tutaketi nayo.