Daktari wa uhandisi ajieleze pia kwa wananchi



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya masharti ya mtihani wa wanaosomea udaktari wa uhandisi katika vyuo vikuu vyetu. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa shule ya msingi anatafuta nini huko juu. Nawajibu kwamba kodi inayojenga maabara haimwulizi mtu ameishia darasa la ngapi. Tena sisi wa Iyunga tuna chuo kikuu jirani. Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na tangu 2012 ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Reli ya TAZARA inapita huku kwetu, na barabara kuu ya kwenda Tunduma vile vile. Kwa hiyo uhandisi tunauona kila siku.

Udaktari ndio ngazi ya 10, ya mwisho kabisa, katika mpangilio wa tuzo za elimu nchini. Mwanafunzi hufanya utafiti kwa miaka chini ya msimamizi, huandika tasnifu, nayo hupelekwa kwa watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo. Kisha huitwa mbele ya jopo kuhojiwa ana kwa ana. Siku hizi vyuo vingi hutaka pia awe na makala katika jarida la kitaalamu. Yote haya ni mema na sina ugomvi nayo. Lakini katika uhandisi yote hufanyika kwa Kiingereza, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi swali la mwisho. Hata pale mlango wa chumba cha mtihani unapoachwa wazi, lugha inaufunga.

Sasa tazameni sisi walimu. Tulipokuwa chuo cha ualimu, hakuna aliyepewa cheti kwa kujibu karatasi tu. Tulipelekwa shuleni kufanya mazoezi, mkufunzi akakaa nyuma ya darasa na daftari lake, nasi tukafundisha watoto wenyewe, wale wanaopiga miayo na wale wanaouliza maswali magumu. Kama watoto hawakuelewa, mkufunzi alikuwa hana haja ya kuuliza mtu. Ikiwa mwalimu wa kufundisha kutoa na kujumlisha hupimwa mbele ya wale atakaowatumikia, kwa nini daktari wa uhandisi apimwe mbele ya madaktari wenzake peke yao?

Si jambo la kubuni ninalolisema. Watafiti walikuja kijijini ninakofundisha (chuo chao sikitaji) wakachukua udongo katika mifuko, wakapima matofali ya kuchoma, wakawauliza mafundi maswali tangu asubuhi hadi jioni. Mafundi waliacha kazi zao kuwajibu. Mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia kama udongo ule unafaa au haufai, nasi tunaendelea kujenga nao. Labda majibu yamo katika tasnifu nzuri sana iliyo rafuni. Fundi atayasomaje?

Wenzetu wa nje wana desturi za kuigwa. Uswidi na Ufini mtihani wa udaktari hufanyika hadharani, na aliyekaa ukumbini huruhusiwa kuuliza. Ujerumani ilianza kutoa udaktari wa uhandisi mwaka 1899 kwa lugha yao wenyewe, na hakuna anayedai kwamba mashine zao ni mbovu kwa sababu hiyo. Ni Ujerumani Magharibi hiyo hiyo iliyosaidia kuanzisha Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973.

Watasema Kiswahili hakina maneno. Waende kwenye jengo lolote linalojengwa Mbeya wasikilize: zege, nondo, kokoto, boriti, lenta, timazi, pimamaji. Nchi hii inajengwa kwa maneno hayo. Kwa mambo ya maabara, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Na tunafundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu uamuzi wa mwaka 1967, ingawa wasomi wetu wengi husahau walikojifunzia mara ya kwanza kwamba maji huchemka.

Sisemi tasnifu nzima iandikwe kwa Kiswahili kesho asubuhi, maana mtahini wa kutoka nje hataielewa. Wala sisemi mkulima apewe kalamu ya kutoa maksi. Hesabu zibaki kwa wanaozijua. Ninachoomba ni masharti mawili tu yaongezwe. Kwanza, kila tasnifu ya uhandisi iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, si aya moja iliyotafsiriwa harakaharaka usiku wa mwisho, na nakala moja ipelekwe katika ofisi ya kijiji au kata utafiti ulikofanyika. Pili, kabla ya kuhojiwa na jopo, mwanafunzi arudi mahali pale aeleze alichokipata na aulizwe maswali, mtahini mmoja akiwapo na daftari lake kama mkufunzi wetu.

Gharama ni nauli ya basi na siku moja. Kama nauli ndiyo kikwazo, iwekwe katika fedha za utafiti tangu mwanzo, kama zinavyowekwa za vifaa. Naomba Tume ya Vyuo Vikuu itujibu kupitia ukurasa huu kama jambo hili linawezekana, na kama haliwezekani itueleze kinachozuia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iyunga, Mbeya.