Mlipuko Ulitokea Wapi?

Jioni moja nyumbani Bunagana, umeme haupo na nyota zimejaa, nilikuwa nikimweleza mama mdogo kwamba wanafalaki wanasema ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Sasa hiyo mlipuko ilipasukia wapi, mwanangu? Na ni nani aliitupa?”

Nilicheka. Baadaye niliona haya, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Lilikuwa la neno nililotumia.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini tunalijua neno hili kuliko kamusi inavyolijua. Tarehe 22 Mei 2021 tuliona mlipuko wa Nyiragongo. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 tuliishi na habari za mlipuko wa Ebola. Na Juni 2022 tulivuka mpaka kwenda Kisoro, Uganda, tukikimbia milipuko ya mabomu, siku zilezile mji wetu ulipotekwa na M23. Milipuko yote hiyo inafanana: ina mahali ilipoanzia, ina watu walio karibu nayo na walio mbali, na inaacha uharibifu. Hiyo ndiyo maana iliyomo katika kitenzi kulipuka. Kitu kinapasuka ghafla, na vipande vyake vinatawanyika katika nafasi iliyokuwapo tayari.

Nadharia yenyewe haisemi hivyo. Inasema kwamba takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita (miliari, kama tunavyohesabu Kongo) ulimwengu ulikuwa wa moto mno na umesongamana mno, na tangu hapo nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka. Hakuna kitovu, wala hakuna nje ambako vipande vingerukia. Ukiuliza wapi, jibu ni kila mahali.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wanafunzi wa lugha? Kwa sababu ya darubini ya James Webb. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, na picha zake za kwanza zilitolewa Julai 2022, mwezi mmoja baada ya sisi kuvuka mpaka. Muda si muda zikaanza kusambaa habari kwamba darubini hiyo imeukanusha Mlipuko Mkuu. Nilizisikia hata miongoni mwa wenzangu darasani: “Unaona? Wazungu wenyewe wamesema hakukuwa na mlipuko.”

Tuangalie darubini ilichokiona hasa. Mwanga huchukua muda kusafiri, kwa hiyo anayetazama mbali anatazama zamani. Mei 2024 wanafalaki walitangaza galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, ambayo tunaiona jinsi ilivyokuwa kabla ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300. Inang'aa kupita walivyotarajia kwa umri huo. Machi 2025 ikatangazwa kwamba darubini za ALMA, kule Chile, zimekuta oksijeni ndani yake. Oksijeni haikuwapo mwanzoni. Hupikwa ndani ya nyota na kutawanywa nyota hizo zinapokufa. Maana yake ni kwamba kufikia wakati huo kizazi cha nyota kilikuwa kimekwisha kuzaliwa, kuishi na kufa.

Hiyo ni changamoto ya kweli. Hesabu za jinsi galaksi za kwanza zilivyokua zinahitaji kurekebishwa. Liko na fumbo la pili: kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Vipimo vinavyotokana na mionzi ya kale vinatoa kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila megaparseki, na vile vya galaksi za karibu vinatoa 73 hivi. Webb haijaumaliza ubishi huo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachosema ulimwengu hautanuki, wala kinachofuta ule mnururisho hafifu unaotufikia kutoka pande zote za anga, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965. Kinachobishaniwa ni yaliyofuata baada ya mwanzo na kasi yake. Aliyeshika neno mlipuko hawezi kuuona mpaka huo. Kwake, mambo ni mawili tu: bomu lililipuka au halikulipuka.

Neno hili halikuanzia kwetu. Mpadri Mbelgiji Georges Lemaître, aliyeandika kwa Kifaransa mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, baadaye alizungumzia atomi ya kwanza. Jina la Big Bang lilitoka kwa Fred Hoyle, katika redio ya BBC mwaka 1949, na Hoyle alikuwa mpinzani wa nadharia hiyo. Wafaransa walilikopa jina lilivyo. Neno la kukopa humfikia asiyejua Kiingereza likiwa kama lebo tu, halimchorei picha. Sisi tulilitafsiri, na kwa kulitafsiri tukaifufua picha ya bomu, tena tukaipeleka kwa watu wanaoyajua mabomu kwa masikio yao.

Wapo watakaosema neno limeshazoeleka, tuliache. Najua mazoea yana nguvu. Lakini Kiswahili kimewahi kuita mambo ya angani kwa akili yake. Kilimia ni kundi la nyota lililopewa jina kutokana na kulima, na aliyelipa jina hilo alijua analitazama kwa ajili gani. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, na ikaitwa Uhuru. Lugha hii si mgeni huko juu.

Napendekeza tuseme Mtanuko Mkuu. Wanafunzi wa sayansi wanakijua kitenzi kutanuka tangu shule ya msingi, kwa chuma kinachotanuka kikipata joto. Neno mtanuko halina mtupaji, halidai kitovu, na linaacha mlango wazi kwa maswali ambayo darubini zinauliza sasa: ulitanuka kwa kasi gani, na galaksi zilijikusanya lini? Kazi ya idara kama yetu ni kupendekeza maneno ya namna hii mapema, kabla ya wanahabari kulazimika kuyabuni usiku wakikimbizana na muda.

Nilirudi kwa mama mdogo na maelezo mengine. Nilimwambia afikirie unga wa mkate uliochanganywa na karanga. Unga ukiumuka, kila karanga inaziona nyingine zote zikienda mbali nayo, na hakuna iliyo katikati. Alilifikiria, akatikisa kichwa, akauliza: “Basi chachu ilitoka wapi?”

Safari hii sikucheka. Hilo ndilo swali ambalo wanafalaki wenyewe bado wanaliuliza.