Ubeti Mpya Kerende
Juzi pale kijijini Kerende nilimkuta mzee mmoja ameinamia daftari la shule, iritungu, ala yake ya nyuzi, iko pajani, na bahasha ya vidonge vya kisukari ameifanya alama ya ukurasa. Aliniambia vidole vimeanza kufa ganzi, kwa hiyo nyuzi anazipapasa polepole, lakini maneno yanamjia zaidi kuliko ujanani. Amevuka miaka 60. Wimbo wake wa kwanza kautunga mwaka jana. Nyumbani wanamwambia, “Baba, wewe pumzika tu.” Nami nilimwambia mama yangu hivyohivyo alipoanza kuugua presha, na hadi leo najuta. Nikamkumbuka mwimbaji Remmy Ongala: kiharusi kilimpiga utu uzimani, akageukia nyimbo za Injili, na hadi anafariki Desemba 2010 alikuwa bado mwanamuziki. Maradhi hupanga mwilini, hayanunui nyumba nzima. Kumnyang’anya mgonjwa kalamu kwa jina la huruma ni kumzika angali anapumua. Kama unaye mzee wa namna hii, mkumbushe dawa na siku ya kliniki, kisha kaa kitako umsikilize ubeti wake mpya.