TD za informatika zifanyike kweli: pesa ya watu iko ndani ya simu

M-Pesa iliingia Congo mwaka 2012. Leo, pamoja na Airtel Money na Orange Money, ndiyo sanduku la akiba la wakaaji wengi wa Lubumbashi. Mama anayeuza unga huko Katuba au Ruashi analipia mzigo kwa simu na kutuma pesa ya shule kwa simu. Wezi nao wamehamia humo. Mmoja anapiga akijidai mtumishi wa kampuni, anaomba namba ya siri. Mwingine anajitafutia kadi mpya ya SIM yenye namba ya mwenzake. Akiipata, simu ya mwenye namba inakosa neti, na pesa inaondoka.

Kila mtu anasema vijana wa informatika watatatua hayo. Lubumbashi haikosi vijana hao: wako UNILU, wako ESIS, shule ya Wasalesiani. Swali ni namna wanavyofundishwa.

Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unatenga saa za TD, ni kusema mazoezi ya kundi dogo chini ya asistenti. Vizuri. Lakini asistenti mmoja akikabidhiwa mamia ya wanafunzi, TD inageuka kuwa kozi ya pili: profesa ameandikisha asubuhi, asistenti anaandikisha mchana.

Usalama wa neti haufundishiki hivyo. Kwenye 2G, simu inajitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Ndiyo maana mnara bandia unaweza kuivuta. Desemba 2009, Mjerumani Karsten Nohl alionyesha hadharani huko Berlin kwamba A5/1, kinga ya maongezi ya 2G, inavunjika. 3G ilirekebisha kasoro ya mnara, ila simu nyingi bado zinarudi 2G neti inapodhoofika. Mwanafunzi anaweza kukariri haya yote na kufaulu bila kuelewa. Watano wenye kompyuta moja, redio ndogo, simu mbili za zamani na programu huria za Osmocom watayaona kwa macho.

Sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu anayeingia katika mfumo wa wengine bila ruhusa, na mawimbi ya redio hayachezewi. Basi kundi lifanyie kazi ndani ya sanduku lisilopitisha mawimbi, kwa kadi za darasa, na ruhusa ya maandishi kutoka kwa wasimamizi wa mawasiliano.

Tena, kusema ukweli, mama wa Katuba haibiwi sana na mnara bandia. Anaibiwa na sauti ya upole. Makundi hayo hayo yapelekwe kwa wauza unite na mawakala wa pesa, wasikilize wizi ulivyopangwa, kisha wapewe pointi kwa kazi hiyo kama kwa mtihani.

Ratiba ya mwaka inapotengenezwa, kinachopaswa kutazamwa kwanza si idadi ya kompyuta. Ni wanafunzi wangapi kwa asistenti mmoja, na nani atamlipa yule wa mwaka wa mwisho anayewaongoza wadogo zake.